Kuboresha Seti ya Muziki ya Nyumbani kwa Msikilizaji wa Sauti ya Chini

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu mwenye seti ya kawaida nyumbani, yaani amplifaya ya stereo, spika mbili za kuwekwa rafuni na simu au kicheza CD, ambaye nafasi yake ya kusikiliza huja watoto wakiwa wamelala au jirani akiwa upande wa pili wa ukuta. Mtu huyo analijua tatizo lenyewe: muziki uliokuwa umejaa mchana huwa mwembamba usiku sauti inapoteremshwa. Gitaa la besi linatoweka, ngoma zinabaki kugongagonga tu, na kinachosikika ni mwimbaji pamoja na vyombo vya sauti nyembamba. Wengi huhitimisha kwamba seti yao ni dhaifu, wakaenda dukani kutafuta amplifaya yenye wati nyingi zaidi. Karibu fedha yote inayotumika hivyo hupotea, kwa sababu upungufu hauko kwenye nguvu. Uko kwanza kwenye sikio, kisha kwenye chumba, kisha kwenye mzunguko wa mwanzo kabisa wa kitufe cha sauti, na sehemu kubwa ya marekebisho yanayohitajika ni ya gharama ndogo au haina gharama kabisa.

Sababu ya besi kutoweka

Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, watafiti wa maabara za Bell nchini Marekani, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio la binadamu halisikii masafa yote, yaani sauti nene na nyembamba, kwa usawa, na kwamba kukosekana huko kwa usawa hubadilika kadiri sauti inavyopanda au kushuka. Vipimo hivyo vimefanyiwa masahihisho tangu wakati huo, na leo vimewekwa katika kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO 226. Mtu yeyote anayetaka kusikiliza kwa sauti ya chini anapaswa kuielewa hesabu yake, kwa kuwa hatua nyingi zinazofuata zinatokana nayo.

Chukua sauti ya masafa ya kati, hezi 1000 (mitetemo 1000 kwa sekunde), ikisikika kwa desibeli 80, desibeli ikiwa kipimo cha ukubwa wa sauti. Ili besi ya hezi 100 ionekane na sikio kuwa na ukubwa uleule, inahitaji takriban desibeli 92.5. Sasa teremsha ile ya kati hadi desibeli 60. Besi ya hezi 100 itahitaji takriban desibeli 78.7 ili ibaki sawa nayo, maana yake ni kwamba ilipaswa kushuka kwa desibeli 14 hivi, wakati sauti ya kati imeshuka kwa 20. Kitufe cha sauti hakijui jambo hilo. Kinateremsha kila kitu kwa 20. Kwa hiyo besi ya hezi 100 imepungukiwa desibeli 6 masikioni mwako, na ile ya hezi 50 imepungukiwa takriban 8. Ukiteremsha hadi desibeli 40, upungufu unafika 12 kwenye hezi 100 na 16 kwenye hezi 50. Wahandisi wa studio huchanganya muziki wakiusikiliza kwa sauti kubwa kiasi, mara nyingi karibu na desibeli 80, na mizani ya vyombo waliyoikubali ni mizani ya kiwango hicho. Unaposikiliza kwa desibeli 55 unasikia mizani nyingine kabisa, hata kama spika zako ni bora kuliko zote duniani.

Hatua ya kwanza: Jua kiwango chako

Kabla ya kugusa chochote, pima kiwango unachosikilizia usiku ukiwa umekaa mahali pako pa kawaida. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, imetoa programu ya bure ya kupimia sauti kwa wenye iPhone, nayo ni ya kuaminika kwa kazi hii. Kwenye simu za Android maikrofoni hutofautiana sana kutoka toleo hadi toleo, hivyo chukulia namba utakazopata kuwa za kulinganisha tu: zitakuonyesha tofauti kati ya jana na leo, ingawa namba yenyewe inaweza kuwa imepotoka.

Pima mara mbili. Kipimo cha kwanza kichukuliwe seti ikiwa imezimwa, ili ujue kelele za chumba zenyewe. Kipimo cha pili kichukuliwe muziki ukicheza. Chumba cha kuishi mjini, usiku, mara nyingi huwa na kelele za desibeli 35 hadi 45, na msikilizaji makini wa sauti ya chini huwa kati ya 55 na 60. Nafasi iliyopo kati ya vipimo hivyo viwili ndiyo nafasi pekee ambayo muziki wako unayo, na ikiwa ni desibeli 15 tu, basi kila kilicho laini kwenye rekodi kimeshamezwa na feni.

Chagua pia rekodi chache utakazozitumia kwa majaribio yote: moja ya muziki wa dansi ambayo gitaa la besi linasikika wazi, moja ya taarabu yenye kanuni (ala ya nyuzi nyingi) na fidla, na moja ya mtu anayezungumza tu, kama msomaji wa habari. Sauti ya mtu anayezungumza ni kipimo kizuri sana kwa sababu kila mmoja wetu anajua inavyopaswa kuwa. Mazungumzo ya kawaida yana takriban desibeli 60 kwa umbali wa mita moja, kwa hiyo msomaji wa habari aliyewekwa kwenye kiwango hicho anapaswa kusikika kama mtu aliyeketi chumbani.

Hatua ya pili: Ondoa kelele za chumba

Hatua hii hurukwa na wengi kwa kuwa haina kitu cha kununua, lakini kuondoa desibeli 6 za kelele kunampa msikilizaji nafasi ileile ambayo angeipata kwa kupandisha muziki kwa desibeli 6, bila jirani kusikia chochote zaidi. Anza na feni. Feni ya dari inayozunguka kwa kasi ya mwisho hufunika masafa yaleyale yanayobeba pumzi ya mwimbaji na mlio wa nyuzi, na kuipunguza kasi kwa hatua moja au mbili huleta tofauti inayosikika papo hapo. Friji ikiwa ukumbini, ihamishie upande wa pili wa chumba au iweke juu ya vipande vya mpira ili mtetemo wake usipite sakafuni. Madirisha yenye nyavu pekee hupitisha kila kelele ya barabarani, hivyo kama dirisha lina vioo, yafunge yale yanayotazama barabara na kuacha wazi yale ya uani.

Pazia zito haliwezi kuzuia pikipiki isisikike, lakini lina kazi nyingine. Nyumba zetu nyingi ni za saruji, zenye vigae sakafuni na dari ngumu, na chumba cha namna hiyo hurudisha mwangwi unaokifanya kila kitu kiwe kikali. Kapeti mbele ya spika, kochi la kitambaa, pazia zito na rafu iliyojaa vitabu hupunguza mwangwi huo, na maneno ya mwimbaji huanza kueleweka kwa sauti ndogo kuliko ulivyozoea.

Hatua ya tatu: Sogeza spika karibu nawe

Kwa msikilizaji wa sauti ya chini, umbali una maana kubwa kuliko bei ya spika. Kila unapopunguza umbali kwa nusu, sauti inayokufikia moja kwa moja kutoka kwenye spika hupanda kwa takriban desibeli 6, huku sauti inayovuka ukuta kwenda kwa jirani ikibaki ilivyo. Mtu aliyekuwa akikaa mita tatu kutoka kwenye spika, akisogea hadi mita moja na nusu, amepata sawa na kuongeza nguvu ya amplifaya mara nne. Panga kiti na spika mbili ziwe pembetatu yenye pande zinazokaribiana, mita moja na robo hadi moja na nusu kila upande, spika zikielekezwa kwako na ile koni ndogo ya juu ikiwa usawa wa masikio yako ukiwa umekaa.

Kuhusu ukuta, ushauri unaotolewa kwa kawaida ni kuzitenga spika mbali nao, kwa sababu ukuta huongeza besi na kuifanya izagae. Kwa sauti ya chini ushauri huo unageuka. Besi inayoongezwa na ukuta ni fidia ya bure kwa kile ambacho sikio limepoteza, kwa hiyo sogeza spika hadi sentimita 10 au 20 kutoka ukutani na usikilize. Kama spika zina tundu la hewa nyuma, usilizibe kwa kulibana na ukuta. Pembe ya chumba huongeza besi zaidi ya ukuta mmoja, lakini mara nyingi huiongeza bila mpangilio, noti moja ikivuma na nyingine ikififia, hivyo sipendekezi kuanza huko. Usitumie ukuta mnaochangia na jirani. Ziweke spika kwenye ukuta wa nje au wa ndani ya nyumba yako, na chini ya kila moja weka kipande cha mpira au sponji ngumu ili meza isitetemeke nazo.

Hatua ya nne: Rudisha besi kwa kipimo

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko zote, na ndipo pia penye makosa mengi. Amplifaya nyingi za Kijapani za miaka ya 1970 hadi 1990, ambazo bado zinauzwa kama mitumba, zina kitufe kilichoandikwa Loudness. Kazi yake ni hiyo hasa ya kufidia sikio: kitufe kikibonyezwa, besi hupandishwa sauti inapokuwa chini, na fidia hupungua kadiri unavyozungusha kitufe cha sauti kwenda juu. Kasoro yake ni kwamba kifaa kinakisia kiwango chako kwa kutazama mahali kitufe cha sauti kilipo, si kwa kupima sauti halisi chumbani. Spika zenye unyeti mkubwa, yaani zinazotoa sauti kubwa kwa umeme mdogo, au simu inayotoa umeme mwingi, huharibu makisio hayo, na besi huzidi hadi kufunika kila kitu. Dawa yake imo katika hatua ya tano.

Amplifaya za Yamaha kama A-S301 na A-S501 zimelitatua jambo hili vizuri zaidi. Zina kitufe cha Loudness cha kuzungusha taratibu badala ya kubonyeza. Unakiacha kwenye alama ya Flat, unaweka sauti kuu kwenye kiwango kikubwa kuliko vyote ambavyo huwa unasikiliza, kisha unateremsha sauti kwa kutumia hicho cha Loudness, nacho hupunguza masafa ya kati zaidi ya besi. Kwenye amplifaya za sinema za nyumbani za Denon na Marantz zenye mfumo wa Audyssey kuna kipengele kiitwacho Dynamic EQ kinachofanya kazi hiyo kwa kufuata vipimo vya maikrofoni yake. Kwa muziki, badilisha kiwango chake cha rejea kiwe desibeli 10 au 15, la sivyo besi itazidi, kwa kuwa kimepangwa kwa kufuata viwango vya filamu.

Asiyekuwa na mojawapo ya vifaa hivyo anaweza kutumia ekwalaiza ya simu au kompyuta, yaani kipengele cha kupandisha au kushusha kila sehemu ya masafa, na matokeo yasiwe duni hata kidogo. Kama sauti yako ni karibu desibeli 60, anza na nyongeza ya 7 kwenye hezi 62, 5 kwenye hezi 125 na 3 kwenye hezi 250, masafa mengine yote yakiachwa kwenye sifuri. Hezi 31 usiiguse ikiwa spika zako ni ndogo, kwa sababu spika yenye koni ya inchi tano haiwezi kutoa masafa hayo, na koni itatikisika bila kutoa muziki. Kumbuka pia kuteremsha kiwango kikuu cha ekwalaiza kwa desibeli zilezile ulizoongeza, yaani 7 katika mfano huu, la sivyo mawimbi yatakatwa vichwa kabla hayajafika kwenye amplifaya na besi itakwaruza. Kwenye kompyuta za Windows, programu ya bure ya Equalizer APO ina kichujio maalumu cha kusahihisha besi kulingana na kiwango cha sauti, nacho kinafaa sana kwa mwenye subira ya kukipanga.

Wengi hupandisha trebo pamoja na besi, kwa mazoea ya vitufe vya zamani ambavyo vingine hupandisha vyote viwili. Vipimo vya ISO 226 havionyeshi hitaji kubwa hapo: kati ya desibeli 80 na 60, sikio hupoteza kidogo sana katika masafa ya juu. Kama unaona trebo imepungua usiku, kwanza angalia kama spika zimeelekezwa kwako na kama koni ya juu iko usawa wa masikio, kisha ndipo uongeze desibeli moja au mbili, usizidi hapo.

Onyo moja ni la lazima. Nyongeza ya desibeli 10 ni nguvu mara kumi. Kwa sauti ya chini nguvu hiyo ni ndogo mno kuweza kudhuru kitu, lakini mchana, mtu mwingine wa nyumbani akipandisha sauti huku nyongeza ikiwa imeachwa, koni za spika ndogo hugonga mwisho wake na kuharibika. Hifadhi mipangilio miwili kwenye ekwalaiza, mmoja wa usiku na mmoja wa mchana, na uhakikishe kila anayetumia seti anaijua tofauti yake.

Hatua ya tano: Tengeneza mwanzo wa kitufe cha sauti

Kitufe cha sauti cha kuzungusha ndani yake kina njia mbili za kaboni, moja ya spika ya kushoto na moja ya kulia, na katika vifaa vya bei ya kawaida njia hizo hazilingani vizuri mwanzoni kabisa mwa mzunguko. Anayesikiliza kwa sauti kubwa hafiki huko kamwe. Anayesikiliza usiku anaishi huko. Ili kujua hali ya kitufe chako, cheza ile rekodi ya msomaji wa habari, kaa katikati, kisha teremsha sauti polepole hadi mwisho. Sauti yake inapaswa kubaki katikati ya spika. Ikiwa inahama kwenda upande mmoja, au upande mmoja unakatika kabla ya mwingine, tatizo limepatikana. Ikiwa inakwaruza unapozungusha, mpe fundi aisafishe kwa spreyi ya kusafishia vifaa vya umeme. Ni kazi ya muda mfupi na ya bei nafuu.

Kutolingana kwenyewe hakuondolewi kwa spreyi. Kinachotakiwa ni kukitoa kitufe kwenye eneo hilo baya, na njia ni kupunguza mawimbi kabla hayajaingia kwenye amplifaya. Kicheza CD cha kawaida hutoa hadi volti 2, wakati amplifaya nyingi hufika kwenye nguvu yake kamili kwa sehemu ndogo tu ya volti moja, na ndiyo maana kitufe kikiguswa kidogo tu sauti inakuwa kubwa mno. Nunua jozi ya vipunguzi vya desibeli 10 au 12 vinavyochomekwa kati ya waya wa sauti na tundu la kuingilia nyuma ya amplifaya. Kitufe ambacho zamani hakikuvuka alama ya saa mbili asubuhi sasa kitasimama karibu na saa nne au tano, mahali ambapo pande zote mbili zinalingana, na hata kile kitufe cha Loudness cha zamani kitaanza kukisia kwa usahihi zaidi.

Kama chanzo chako ni simu au kompyuta, huhitaji kununua kitu: teremsha sauti kwenye simu yenyewe na upandishe kitufe cha amplifaya. Wapo watakaokuambia kwamba simu lazima iwe juu kabisa ili ubora usipotee. Hoja hiyo ina ukweli wake kwa sauti kubwa. Lakini sauti ya dijitali ya biti 16 ina nafasi ya takriban desibeli 96 kati ya kilicho kikubwa na kilicho kidogo, na ukiiteremsha kwa 20 bado inabaki 76, wakati chumba chako, kama tulivyopima, kinatoa nafasi ya 25 tu au pungufu. Hakuna sikio litakaloisikia hasara hiyo, ilhali sauti kuhama kwenda kushoto husikika na kila mtu.

Sikiliza pia kelele za seti yenyewe. Zungusha kitufe hadi sifuri, weka sikio karibu na koni ndogo ya spika, kisha rudi mahali pako. Mchirizo unaosikika kwa sikio lililo karibu tu si tatizo. Ukiwa unausikia ukiwa umekaa, na haubadiliki unapozungusha kitufe, unatoka kwenye sehemu ya mwisho ya amplifaya, na vipunguzi havitausaidia. Hiyo ni mojawapo ya sababu chache za haki za kubadilisha amplifaya. Mvumo wa chini wa hezi 50 kwa kawaida hutokana na vifaa viwili vilivyounganishwa kwa waya wa sauti huku kila kimoja kikiwa kwenye soketi yake. Chomoa chaja ya kompyuta uitumie kwa betri. Mvumo ukikoma, chanzo ni hicho, na kifaa kidogo chenye transfoma cha kutenganisha waya wa sauti kitaumaliza. Usikate kamwe waya wa ethi kwenye plagi ili kuondoa mvumo. Waya huo ndio unaomlinda mtu asipigwe na umeme kifaa kikiharibika.

Hatua ya sita: Kama bado unataka kununua

Hesabu ya wati kwanza, ili usishawishike na maandishi ya kwenye boksi. Spika nyingi za rafuni hutoa takriban desibeli 86 kwa wati moja, kwa umbali wa mita moja. Ili kupata desibeli 60 kwa umbali huo unahitaji desibeli 26 pungufu, ambazo ni karibu sehemu moja ya 400 ya wati. Hata mpigo wa ngoma unaoruka desibeli 20 juu ya wastani utahitaji robo ya wati tu, na amplifaya ya wati 20 ina akiba ya kutosha kwa nyongeza zote za besi tulizozitaja. Kwa hiyo unaponunua amplifaya kwa ajili ya usiku, tafuta ukimya wake, kulingana kwa kitufe chake na uwepo wa fidia ya besi.

Duka la vifaa vya muziki, liwe Kariakoo au Luthuli Avenue jijini Nairobi, litakuonyesha kifaa kikiwa kinanguruma hadi barabarani. Omba kwa adabu sauti iteremshwe mpaka muuzaji aone ajabu, na usikilize hapo: je, pande mbili zinalingana, kuna mchirizo, kitufe kinakwaruza? Kwa amplifaya ya mtumba, soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuichomeka popote. Zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hutumia volti 100, na za Marekani volti 120. Zikichomekwa moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 230 au 240 huungua. Transfoma ya kushusha volti inaweza kutumika, lakini inapaswa kuwa na uwezo unaozidi matumizi ya amplifaya, na nyingine huvuma zenyewe kwa kelele inayoharibu kazi yote ya hatua ya pili. Kama kuna hiari, chukua iliyotengenezwa kwa volti 220 hadi 240.

Kati ya amplifaya na spika, fedha ya msikilizaji wa sauti ya chini iende kwenye spika. Tafuta yenye koni ya inchi sita au sita na nusu badala ya nne, kwa sababu itashuka zaidi kwenye besi na itaipokea nyongeza ya ekwalaiza bila kuhangaika.

Sabufa ya kujitegemea ni msaada mkubwa ikitumiwa kwa busara, nami naipendekeza kuliko watu wengi wanavyodhani inafaa kwa nyumba ya ghorofa. Wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7 na ukuta wa kawaida hauwezi kulizuia, hivyo siri ni kuifanya besi iwe ndogo chumbani na kubwa sikioni. Weka sabufa pembeni au nyuma ya kiti chako, nusu mita hivi kutoka ulipo, juu ya sponji nene, na mpaka wake wa masafa, ambao juu yake huziachia spika kazi, uwe karibu hezi 80. Kwa ukaribu huo itahitaji sauti ndogo sana, na jirani wa chini atapata besi kidogo kuliko ambayo angeipata ikiwa imewekwa pembeni ya chumba na kupandishwa. Irekebishe ukiwa kwenye kiwango chako cha usiku, kwa rekodi ya gitaa la besi, hadi noti za chini na za juu za gitaa hilo zionekane kutoka kwa mpigaji mmoja. Ukiwa umeongeza besi kwa ekwalaiza, ipunguze kwanza hadi sifuri, la sivyo utafidia mara mbili. Zile seti za bei nafuu zenye boksi moja la besi na vispika viwili vidogo si mbadala wa hili, kwa sababu vispika hivyo haviwezi kushuka hadi boksi linapoishia, na katika pengo linalobaki ndimo ilimo sehemu kubwa ya uzito wa sauti ya mwanamume.

Hatua ya saba: Irekebishe seti kulingana na rekodi

Washa usawazishaji wa sauti kwenye programu unayotumia kusikilizia. Spotify, kwa mfano, katika mpangilio wake wa kawaida huzilinganisha nyimbo karibu na kiwango cha LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti ya wimbo) hasi 14, na hivyo wimbo unaofuata haukurupushi ukumbi mzima saa tano usiku, wala hulazimiki kugusa kitufe na kuvuruga fidia uliyoipanga.

Muziki wa siku hizi, bongofleva ukiwemo, mara nyingi umebanwa studio kiasi kwamba sehemu zake laini na kubwa zinakaribiana, na kwa sababu hiyo unasikika vyema kwa sauti ya chini bila msaada mwingi zaidi ya besi. Taarabu iliyorekodiwa ukumbini na okestra kamili ina tofauti kubwa zaidi ya sauti kati ya utangulizi wa kanuni peke yake na pale fidla zote zinapoingia. Kwa rekodi kama hizo tumia kipengele cha usiku kama kifaa chako kinacho, kile kinachopandisha sehemu laini na kuzuia zile kubwa, lakini kwa kiwango chake cha chini kabisa, kwani kikizidi utasikia sauti ya chumba ikipumua kati ya mafungu ya wimbo.

Rekodi za zamani za santuri zinahitaji mpangilio wao. Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, mitambo ya wakati huo ilinasa masafa ya kati vizuri na besi kidogo sana, kwa hiyo katika rekodi za enzi hizo hakuna besi ya kurudisha. Ukiipandisha utapandisha mvumo wa mashine na mikwaruzo ya sindano. Zima Loudness, rudisha ekwalaiza kwenye sifuri, zima sabufa, na kama mikwaruzo inakera, punguza trebo juu ya hezi 5000 kwa desibeli tatu au nne.